Saini ya Marehemu: Namna ITF Moja Ilivyogeuka Tatu

Ukumbi wenyewe ni ghala la zamani nyuma ya karakana ya seremala. Ukianguka vibaya unainuka na vumbi la mbao mgongoni. Ukutani, juu ya kibao cha majina, mwalimu ametundika cheti chake cha mkanda mweusi ndani ya fremu ya kioo. Kina jina lake, namba, daraja la dani, yaani ngazi ya mkanda mweusi, na chini kabisa saini ya Choi Hong Hi, mwanzilishi wa ITF, shirikisho la taekwondo.

Jioni moja kijana wa mkanda mwekundu, ambaye siku hizo alikuwa haachi kuangalia video za mashindano kwenye simu, alisimama chini ya fremu ile akauliza: "Mwalimu, hiki cheti ni cha ITF ipi?"

Mwalimu akacheka. "Cha ITF."

"Ndiyo, mwalimu. Lakini ipi?"

Kabla ya Juni 2002, Choi alipofariki, swali hilo lisingeulizika. Leo mtu asipolijua jibu lake anaweza kulipa ada ya mtihani pasipo pake, au kufika kwenye mashindano akaambiwa daraja lake halitambuliki. Nataka nikichambue kisa hiki pole pole, maana wengi wetu tunaofanya mazoezi haya tumekirithi kama watoto wanavyorithi ugomvi wa shamba. Mipaka tunaijua, tusichokijua ni nani aliianza kesi.

Kwanza niweke sawa jambo moja kwa msomaji asiye wa mchezo. Mtaani kwetu mtoto yeyote akivaa nguo nyeupe na mkanda, watu husema anakwenda karate. Taekwondo ni ya Korea, na ina nyumba mbili kubwa. Moja ni World Taekwondo, hii tunayoiona kwenye Olimpiki, wachezaji wakiwa na kofia na kinga za kielektroniki kifuani. Ya pili ni International Taekwon-Do Federation, ITF, ambayo ndiyo ya kwanza kuzaliwa. Ugomvi wa nyumba hizi mbili umeandikwa sana. Ninaousema mimi ni wa ndani ya nyumba ya pili, ulioifanya ITF kuwa mashirikisho matatu yenye jina moja, nembo zinazofanana na mtaala ule ule, kila moja likisema ndilo la halali.

Mwenye nyumba

Choi Hong Hi alizaliwa mwaka 1918 katika eneo ambalo leo limo Korea Kaskazini, wakati peninsula yote iko chini ya Wajapani. Alikwenda kusoma Japani na huko akajifunza karate. Vita vilipokwisha na Korea kugawanywa, yeye akawa upande wa kusini, ofisa wa jeshi jipya, akapanda hadi ujenerali. Ndani ya jeshi hilo, yeye na ofisa mwenzake Nam Tae Hi walianzisha shule ya mapigano iliyoitwa Oh Do Kwan. Tarehe 11 Aprili 1955 ndiyo ambayo wafuasi wake huiadhimisha kuwa siku jina "Taekwon-Do" lilipokubaliwa.

Kama taekwondo aliibuni yeye, au alilipa jina na mpangilio lile ambalo shule nyingi za Seoul zilikuwa zikifundisha tayari, ni mjadala ambao ukiuanzisha mbele ya watu wa nyumba zote mbili, chai itapoa. Mimi nipo na wale wanaosema mizizi ya karate inaonekana kwa macho kwenye mapigo ya mwanzo, na kwamba Choi alifanya kazi kubwa ya kuyapanga upya. Kwa kisa chetu hilo si la maana sana. La maana ni kwamba tarehe 22 Machi 1966, jijini Seoul, aliunda ITF kwa vyama vya nchi tisa: Korea yenyewe, Vietnam, Malaysia, Singapore, Ujerumani Magharibi, Marekani, Uturuki, Italia na Misri. Afrika ilikuwemo tangu siku ya kwanza, japo kwa nchi moja.

Halafu akakosana na serikali ya Park Chung-hee, rais wa Korea Kusini. Mwaka 1972 aliondoka akahamia Kanada, na shirikisho akalibeba kama mtu anavyobeba sanduku. Seoul haikukaa kimya. Mwaka huo huo ukumbi wa Kukkiwon ulifunguliwa, na Mei 1973 likaundwa shirikisho jingine, World Taekwondo Federation, chini ya Kim Un-yong. Walimu wa Kikorea waliotawanyika duniani wakatakiwa kuchagua. Wengi walikuwa na wazazi na ndugu Korea Kusini, na pasipoti ya Korea Kusini mfukoni. Haishangazi walivyochagua.

Mwaka 1980 Choi alifanya jambo ambalo hata baadhi ya wanafunzi wake wa karibu hawakulisamehe: alikwenda na kikosi cha maonyesho Pyongyang. Kwa Mkorea Kusini wa enzi zile hiyo haikuwa ziara ya michezo. Yeye mwenyewe aliitetea kwa kusema sanaa haina mpaka na kwamba ana haki ya kuikanyaga ardhi aliyozaliwa. Mwaka 1985 makao makuu ya ITF yakahamia Vienna. Mwaka 1990 mmoja wa walimu wake wakuu, Park Jung Tae, alijitenga akaunda shirikisho lake. Mwaka 1992 mashindano ya dunia ya ITF yakafanyika Pyongyang.

Katika mizunguko yote hiyo kitu kimoja hakikubadilika. Toka 1966 mpaka 2002, miaka 36, rais alikuwa mmoja. Katiba ilikuwepo, mikutano mikuu ilifanyika, kamati zilikuwepo. Lakini mtu aliyepata mkanda mweusi Buenos Aires, London au Kuala Lumpur alipata cheti chenye saini ile ile. Mafunzo ya walimu wa kimataifa aliyaendesha mwenyewe, akizunguka dunia hata akiwa na miaka zaidi ya themanini, akirekebisha mguu wa huyu na kiwiko cha yule. Wapo watu wazima, wenye dani kubwa, wanaokusimulia kwa fahari siku jenerali alipowapiga kofi la mkono uliokaa vibaya.

Hapo ndipo palipokuwa na nguvu ya ITF, na hapo hapo ndipo uozo wake ulipoanzia.

Msiba na mirathi

Mwaka 2001, kwenye mkutano mkuu wa Rimini, Italia, suala la mtoto wake Choi Jung Hwa kumrithi lilifika mezani. Miezi michache baadaye baba na mtoto wakafarakana, na mtoto akatolewa. Wakati huo mzee alikuwa mgonjwa. Tarehe 15 Juni 2002 alifariki Pyongyang kwa saratani ya tumbo, akazikwa huko kwa heshima za taifa.

Sisi tunajua msiba wa mtu mkubwa unavyokwenda. Kabla watu hawajavunja matanga, pembeni ya uwanja wameshaanza kuulizana funguo za kabati ziko kwa nani. Kwa ITF funguo hizo zilikuwa kalamu, yaani nani sasa atasaini vyeti.

Arobaini ilikuwa imepita tu. Septemba 2002 mkutano maalumu uliitishwa Pyongyang na kumchagua Chang Ung kuwa rais. Upande huu ulisema marehemu mwenyewe, akiwa kitandani, ndiye aliyemtaja. Chang Ung alikuwa mtu mzito katika michezo ya Korea Kaskazini: mjumbe wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki tangu 1996. Ila historia yake ya uwanjani ilikuwa ya mpira wa kikapu. Walimu waliotumia miaka thelathini wakifundisha mateke waliambiwa sasa vyeti vyao vitasainiwa na mcheza kikapu wa zamani.

Choi Jung Hwa kwa upande wake hakukubali kwamba alikuwa ametolewa kihalali. Akaendelea kuongoza ITF yake, akidai haki ya Rimini, na tuseme ukweli, haki ya damu pia.

Kundi la tatu lilikuwa la waliokataa vyote viwili. Hawa walisema wosia wa kitandani si katiba, na urais wa shirikisho si shamba la baba. Juni 2003 walikutana Warsaw, Poland, wakamchagua Tran Trieu Quan, mhandisi mwenye asili ya Vietnam aliyekuwa akiishi Kanada.

Basi ndani ya mwaka mmoja ITF zikawa tatu. Kwa kuwa zote zilijiita jina lile lile, watu ukumbini walilazimika kuzitofautisha kwa jina la rais: ITF ya Chang Ung, ITF ya Choi, ITF ya Tran. Ni kama ukoo uliogawana nyumba kwa kuta za maboksi. Anwani ni moja, mlango mmoja wanaupigania, na barua ya posta hakuna ajuaye itamfikia nani.

Ukinisukuma niseme nani alikuwa na hoja ya kisheria yenye nguvu zaidi, nitasema waliokwenda Warsaw walikuwa na hoja safi kuliko wengine, kwa sababu hawakuhitaji umwamini mtu aliyesikia maneno chumbani. Lakini hata wao walimchagua rais wa shirikisho ambalo theluthi mbili ya madai yake yalikuwa mikononi mwa wengine. Hoja safi haikuwapa kabati wala funguo.

Tul moja, majina mawili

Siasa za juu mwanafunzi anaweza kuzipuuza. Hii inayofuata hawezi, kwa sababu imo mwilini mwake.

ITF ina tul 24, yaani mifuatano ya mapigo na mikao ambayo watu wa karate wangeiita kata. Choi aliandika kwamba zipo 24 kwa sababu maisha ya mtu, ukiyalinganisha na umilele, ni kama siku moja, na siku ina saa 24. Kila tul ina jina la mtu au jambo la historia ya Korea. Ya kwanza, Chon-Ji, ina mapigo 19 na hufundishwa mtoto mpya kabisa. Ya mwisho, Tong-Il, maana yake muungano, ina mapigo 56.

Katikati ya safari hiyo, kwenye tul za mkanda mweusi dani ya pili, palikuwa na moja iliyoitwa Ko-Dang. Hilo lilikuwa jina la heshima la Cho Man-sik, mzalendo Mkristo wa Pyongyang aliyepinga ukoloni wa Wajapani bila silaha. Baada ya vita alikataa mpango wa Korea kuwekwa chini ya udhamini wa mataifa makubwa, na Januari 1946 Wasovieti waliokuwa wakiishika kaskazini wakamfungia. Hakuonekana tena akiwa huru.

Miaka ya 1980, baada ya milango ya Pyongyang kufunguka, Choi aliiondoa Ko-Dang akaweka tul mpya inayoitwa Juche. Juche ni itikadi ya Kim Il-sung, mtawala wa Korea Kaskazini. Kwa maneno mengine, jina la mtu aliyefungwa na mamlaka za kaskazini liliondolewa, mahali pake pakawekwa jina la itikadi ya mamlaka hizo.

Na kinachouma ni kwamba tul yenyewe ni nzuri. Ko-Dang ilikuwa na mapigo 39, Juche ina 45. Inaanza umesimama, ngumi kiunoni na viwiko vimetanuka nje. Ina sehemu ambapo unapiga mateke mawili mfululizo kwa mguu ule ule bila kuushusha, pole pole, kama mtu anayesukuma kitu kizito ndani ya maji. Mguu wa chini unatetemeka, jasho linashuka kwenye kope, na mwalimu anasema "bado, usishushe". Ukiimudu, unajua umefanya kazi. Nimewahi kumwona mtu wa miaka hamsini na kitu akiifanya, na ukumbi wote ukanyamaza.

Sasa mwanafunzi anayejifunza maana ya kila tul, maana huulizwa kwenye mtihani, afanye nini akifika hapa? Akariri kwamba Juche ni falsafa inayosema binadamu ni bwana wa kila kitu? Amtaje Cho Man-sik? Wapo walimu, hasa waliokwisha kujitenga na ITF miaka hiyo, waliobaki na Ko-Dang ya zamani. Wapo waliochukua mapigo ya Juche wakayaita Ko-Dang. Na wapo wanaofundisha Juche kama ilivyo na kusema siasa hazituhusu, sisi tunapiga teke tu.

Hawa wa mwisho nawaelewa lakini sikubaliani nao. Kama jina halina maana, mbona mtihani unaliuliza?

Kilichotokea ukumbini

Mwaka 2002 na 2003, mbali na Vienna na Pyongyang, walimu walipokea barua zenye nembo ile ile kutoka pande tatu. Kila upande ulitaka chama cha nchi kithibitishe uanachama wake. Kila upande ulitangaza mafunzo, mashindano ya dunia na mitihani ya dani.

Kwa mwalimu wa kawaida mambo yaliyohitaji jibu yalikuwa machache na ya kidunia. Wanafunzi wangu wanaopanda mkanda mweusi mwezi ujao, fomu na ada nipeleke wapi? Namba za vyeti zinaendelea na hesabu ile ya zamani au zinaanza upya? Mtu wangu mwenye dani ya tatu akihama mji akajiunga na klabu ya ITF nyingine, watampokea na dani yake au watamrudisha nyuma? Mwamuzi aliyesomea uamuzi chini ya upande mmoja ataruhusiwa kuamua upande mwingine?

Ada ya cheti si jambo dogo. Katika mashirikisho ya aina hii, fedha inayopanda juu kutoka ukumbini ni ada za uanachama, mafunzo na vyeti. Kwa hiyo ugomvi wa nani anasaini ulikuwa pia ugomvi wa nani anapokea. Sisemi kwamba viongozi wote walisukumwa na pesa. Ila mtu akikwambia ugomvi ule ulikuwa wa falsafa tupu, muulize ofisi ya falsafa ililipiwa kodi na nani.

Walimu walijibu kwa namna ambayo viongozi hawakuitarajia: walimfuata mwalimu wao. Mtu hakuchagua kati ya Chang, Choi na Tran. Alitazama yule aliyemfundisha amekwenda wapi, naye akaenda. Ndiyo maana ndani ya nchi moja unakuta ITF mbili au tatu, na ukifuatilia mpaka wao unaangukia kwenye undugu wa kimazoezi wa zamani, fulani alifundishwa na fulani aliyekosana na fulani. Katiba za mashirikisho ziliwahesabu watu hawa kama wajumbe wa vyama vya mataifa. Wao wenyewe walijihesabu kama wanafunzi wa mtu.

Na likatokea jambo la ajabu kidogo. Vyeti vilivyosainiwa na Choi kabla ya kufa havibishaniwi na upande wowote kati ya hizo tatu. Vilivyotolewa baadaye ndivyo vinavyohitaji maelezo. Mtu aliyepata dani ya kwanza mwaka 1995 na ya nne mwaka 2008 ana karatasi mbili zenye uzito tofauti, na ile ya daraja dogo ndiyo isiyoulizwa swali.

Jirani naye hakuwa na nyumba safi

Watu wa upande wa Olimpiki hupenda kutikisa vichwa wakisikia habari hizi. Lakini wakati ITF inagombea mirathi, kwao rais mwanzilishi Kim Un-yong, aliyekaa kwenye kiti toka 1973, alikuwa akikamatwa. Mwaka 2004 mahakama ya Korea Kusini ilimhukumu miaka miwili na nusu jela kwa ubadhirifu na rushwa. Shirikisho jingine la mtu mmoja, miaka 31 ya kiti kimoja.

Tofauti ni kilichofuata. Juni 2004 shirikisho lilimchagua Choue Chungwon na halikugawanyika. Nadhani sababu ni kwamba pale saini haikuwa ya mtu. Vyeti vya dani vya upande huo hutolewa na Kukkiwon, taasisi yenye jengo lake Seoul, ambayo mwaka 2010 iliwekwa kuwa chombo maalumu kwa sheria ya nchi. Rais wa shirikisho akienda jela, cheti cha mtoto wa Nairobi kinabaki cha Kukkiwon. Isitoshe kulikuwa na Olimpiki, ambapo taekwondo iliingia rasmi Sydney mwaka 2000, na hakuna anayetaka kujitenga na mlango wa Olimpiki akabaki nje kwenye mvua. Mlango huo ndio uliompitisha Faith Ogallo wa Kenya kwenda Tokyo. Na ndio uliompitisha Parfait Hakizimana, Mrundi aliyekimbia nchi yake akaanzisha klabu ya taekwondo kambini Mahama, Rwanda, kisha akashindana Paralimpiki za Tokyo katika timu ya wakimbizi.

Kwa hiyo sisemi Kukkiwon ni watakatifu, malalamiko ya watu juu ya ada na mitihani yao yapo tele. Nasema tu walikuwa wameitoa kalamu kwenye mkono wa mtu wakaiweka ofisini. Choi hakufanya hivyo, na sidhani alitaka.

Port-au-Prince

Kuna tukio ambalo wachambuzi wengi wa kisa hiki hulitaja kwa huzuni na kulipita. Mimi naona ndilo linaloeleza zaidi.

Tarehe 12 Januari 2010 tetemeko la ardhi liliipiga Haiti. Miongoni mwa waliokufa ndani ya Hotel Montana, Port-au-Prince, alikuwemo Tran Trieu Quan, rais wa ITF iliyozaliwa Warsaw. Kifo cha ghafla, cha rais aliyeko madarakani, kisicho na wosia wa kitandani wala mtoto aliyeandaliwa. Mtihani ule ule wa 2002 ukaletwa tena, mgumu zaidi kwa kuwa hakukuwa na ugonjwa wa kuwaonya watu.

Safari hii nyumba haikugawanyika. Pablo Trajtenberg wa Argentina akashika uongozi na kazi ikaendelea. Watu walewale, tul zilezile, wengi wao wakiwa na machungu ya 2002 bado kifuani. Kilichobadilika ni kwamba waliokutana Warsaw walikuwa wamekwisha kuchomwa, na rais wao hakuwa mwanzilishi wa sanaa bali mtu aliyepigiwa kura. Akifa, pengo lilikuwa la kiongozi. Choi alipokufa, pengo lilikuwa la mwenye mali.

Hata kwa ITF ya Chang Ung kiti kilikuja kubadilisha mtu bila kishindo: mwaka 2015 alimpisha Ri Yong Son.

Meza ya Nanjing

Agosti 2014, Nanjing, China, mbele ya rais wa Kamati ya Olimpiki Thomas Bach, Choue Chungwon na Chang Ung walitia saini makubaliano: wachezaji wa upande mmoja waweze kushiriki mashindano ya upande mwingine kwa kufuata kanuni za mwenyeji, na pande mbili zitambuane. Juni 2017 kikosi cha maonyesho cha ITF kilikwenda Muju, Korea Kusini, kwenye mashindano ya dunia ya jirani, ambaye wiki hiyo hiyo alilifupisha jina lake kuwa World Taekwondo, kwa kuwa herufi WTF zilikuwa zimegeuka tusi kwa vijana wa intaneti. Februari 2018 vikosi viwili vilionekana pamoja kwenye ufunguzi wa Olimpiki ya majira ya baridi, Pyeongchang, na Aprili Wakorea Kusini wakaenda kuonyesha Pyongyang.

Picha zilikuwa nzuri, nami nilizitazama kwa furaha. Lakini msome vizuri aliyesaini Nanjing. Ni ITF ya Chang Ung peke yake. Mtu wa ITF ya Choi au ya Tran alisikia kwenye redio kwamba "ITF imepatana na World Taekwondo", akampigia simu mwalimu wake kuuliza kama sasa anaweza kushindana, na jibu likawa hapana, si sisi. Upatanisho wa Wakorea wawili uliipa uzito nyumba moja kati ya tatu, na waliobaki wakawa nje zaidi kuliko jana yake.

Ndiyo maana swali la yule kijana wa mkanda mwekundu halikuwa la kijinga. Mwalimu alimketisha kwenye benchi lenye gundi ya seremala akamweleza yote haya kwa dakika kama kumi. Alimwambia tupo upande gani, na kwamba hakuuchagua kwa kusoma katiba. Alimfuata mtu aliyemfundisha.

"Na nikitaka kuhama baadaye?"

"Utahama. Watakupa mtihani tena, ulipe tena. Tul hazibadiliki sana."

Kijana alifanya mtihani wake mwaka huo. Cheti kilichelewa kuja, kikaja kimekunjika pembe kwenye bahasha, kimesainiwa na mtu ambaye hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwona ana kwa ana. Akakinyoosha juu ya meza ya seremala kwa kiganja, akakiangalia, kisha akaangalia fremu ya ukutani.

"Mwalimu, naweza kukitundika pale, kando ya chako?"

"Tafuta msumari."